UZI: Charles Phan, mkimbizi wa Vietnam aliyekataa chakula cha mama yake kiuzwe bei ya chini

BintiTanga_Oakland
Wakuu habari zenu, leo niko off na mvua inapiga hapa Oakland tangu asubuhi nikasema hii stori niliyokaa nayo tangu Januari 2025 niishushe yote, kaeni mkao wa kula maana ni ndefu. Kuna jamaa alikuwa anaitwa Charles Phan, alifariki tarehe 20 mwezi huo, moyo ulisimama ghafla, ana miaka 62 tu. Siku habari zinafika tulikuwa zamu ya jioni, jikoni tuko Mmeksiko, Mfilipino, kijana wa Honduras na mimi Mtanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi kwake lakini jiko lilinyamaza kama tumefiwa nyumbani. Nataka niwaeleze kwa nini.

Wengi wetu Vietnam tunaijua kwa Halotel na kwa korosho, zile ghafi za Mtwara na Lindi zinazopakiwa meli kwenda kubanguliwa kwao. Sasa huyu Phan alizaliwa 1962 mji unaitwa Da Lat, ukitaka kuupata picha fikiria Lushoto, uko milimani, baridi, mboga na maua ndo sifa yake. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kichina, wana duka, watu wa kawaida wanaojitegemea. 1975 vita inaisha Saigon inaanguka, familia ikapanda meli ikatokea Guam, kile kisiwa cha Marekani huko Pasifiki ambako zaidi ya wakimbizi laki moja walipitishwa mwaka ule. San Francisco wamefika 1977, watu kumi wa familia moja, yeye kifungua mimba na wadogo watano nyuma yake.

Mnajua wenyewe kifungua mimba wa familia iliyohama anakuwaje. Wazazi wanatoka alfajiri wanarudi usiku, lugha hawajaishika, mtoto ndo mkalimani na ndo mpishi. Phan alikuwa anapikia wadogo zake, na akiwa bado shule akapata kibarua cha kuondoa sahani na kufuta meza kwenye baa moja ya Kiingereza. Chuo cha upishi hajakanyaga maisha yake yote. Alisomea usanifu wa majengo pale Berkeley akaacha njiani, akarudi kusaidia biashara ya familia ya kushona nguo, na ile nayo ikafa. Naendelea.

Mzee_wa_Sinza
Nipo siti ya mbele, shusha.

BintiTanga_Oakland
Haya. Tufike 1995 maana hapo ndo kiini.

Miaka ile chakula cha Kivietnam Marekani kilikuwepo tayari, wakimbizi walishafungua vijiwe kila mji walikofikia, bakuli kubwa la supu ya tambi wanaita phở, meza za plastiki, taa nyeupe, bei chee. Na ile supu siyo kazi ndogo, mifupa inachemka usiku kucha, tangawizi na kitunguu vinachomwa kwanza motoni mpaka viungue ganda, mdalasini, karafuu, na kile kiungo chenye umbo la nyota. Kazi yote hiyo mteja anakuja anategemea alipe hela ya chenji, kwa sababu imekubalika tu kwamba chakula cha mgeni ni cha bei ya chini.

Phan akapata fremu mtaa wa Valencia, eneo la Mission, wakati huo kodi ya pango pale iko chini na watu wengi walikuwa wanapaogopa usiku. Wazo la mwanzo lilikuwa dogo, auze ile chapati nyembamba ya unga wa mchele inaitwa bánh xèo. Ikakua ikawa mgahawa kamili, akauita The Slanted Door. Mchoro wa ndani akafanya mwenyewe, ule usanifu alioacha njiani ukamfaa. Wafanyakazi ni ndugu, mama, shangazi, wadogo zake, mabinamu, kila mwenye mikono.

Sasa sikilizeni alichofanya. Akachukua chakula kilekile cha nyumbani, hakukigeuza kikawa cha Kifaransa, hakukitia krimu. Ila nyama akanunua ileile wanayonunua migahawa mikubwa ya California, mboga akafuata kwa wakulima wenyewe, kaa ni wale wakubwa wa pwani hiyohiyo wanaitwa Dungeness, wanaingia kwenye tambi za choroko zile nyembamba zinazopitisha mwanga. Kiti kizuri, glasi nzuri, na mvinyo uliochaguliwa na mtu anayejua, mweupe wa Ujerumani na Austria unaokubaliana na pilipili na sosi ya samaki (mimi si mnywaji ila nimefanya kazi na wanaojua, wananiambia hilo jambo lilibadilisha mawazo ya watu wengi). Halafu akaweka bei inayolingana na vitu hivyo.

Watu walimwambia nani atalipa hiyo hela kwa chakula cha Kivietnam? Walilipa. Mpaka Bill Clinton akiwa rais alikwenda kula pale.

kijana_wa_Mtwara
Dada hapo kwenye korosho umenigusa. Ila swali, hao ndugu kufanya kazi pamoja haikuleta shida? Maana mimi na kaka yangu tulifungua kibanda cha chipsi hatukumaliza miezi minne.

BintiTanga_Oakland
@kijana_wa_Mtwara nakuja huko, ngoja nimalize Feri kwanza.

San Francisco kuna jengo la zamani pwani linaitwa Ferry Building, ni kituo cha pantoni, yaani weka picha ya Feri yetu pale Magogoni, boti zinaingia watu wanashuka. Miaka mingi lilikuwa limezibwa na barabara kubwa ya juu iliyopita mbele yake. Tetemeko la 1989 likaiharibu ile barabara, 1991 wakaibomoa, jengo likaonekana tena. Likakarabatiwa likafunguliwa 2003 kama nyumba ya chakula, maduka ya jibini, mikate, samaki, na nje kuna soko la wakulima. 2004 Phan akahamia humo, kioo kirefu chote kinatazama bahari na daraja la kuja huku Oakland. Mwaka huohuo akapewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa California, na 2014 mgahawa wenyewe ukapewa tuzo ya mgahawa bora wa Marekani nzima, hii James Beard kwa wapishi ndo kubwa kuliko zote nchi hii. Mgahawa wa wakimbizi wa Da Lat.

Mimi nimekula pale mara moja, 2018. Nilidunduliza miezi miwili. Nilivaa gauni langu la Idi nikaenda peke yangu mchana, nikakaa karibu na kioo. Nikaagiza ile nyama wanaita bò lúc lắc, nyama ya kutikiswa. Imekuja vipande vya mraba, nje vimeshika rangi ya kahawia iliyokolea, ndani laini, vitunguu vyekundu vimelainika nusu tu bado vina sauti ukitafuna, chini yake majani mabichi yenye ukali kidogo yamenywa mchuzi. Pembeni kibakuli kidogo cha ndimu, chumvi na pilipili manga. Nilipochovya kipande cha kwanza nikamkumbuka baba yangu, Mungu amrehemu, alivyokuwa anakamulia ndimu mishkaki pale Ngamiani kabla hajatupa, chumvi na ndimu tu, anasema nyama nzuri haitaki maneno mengi. Machozi yalinitoka wakuu. Mhudumu akaja akaniuliza kama kuna tatizo nikamwambia hakuna, ni kizuri tu.

Na nilipotazama bili sikuona nimeibiwa. Niliona kuna mtu ameheshimu chakula cha kwao kiasi hicho.

Mzee_wa_Sinza
Binti umeandika vizuri lakini niseme ukweli wangu. Hiyo ni California, pesa ipo. Mimi nina mgahawa miaka kumi na moja sasa, sahani ya wali samaki nikiongeza mia tano tu wateja wa mchana wanahamia kwa jirani. Heshima ya chakula naijua, mama watoto anaamka saa tisa usiku kukuna nazi, lakini mteja hakuulizi umeamka saa ngapi.

BintiTanga_Oakland
@Mzee_wa_Sinza shikamoo mzee wangu. Uliyosema ni kweli na sitaki kukudanganya. Mteja wa mchana mwenye nusu saa na hela ya kuhesabu huwezi kumwongezea bei, na wala si vizuri. Phan mwenyewe baadaye alifungua vijiwe vya haraka anaviita Out the Door kwa ajili ya mtu anayepita, na baada ya korona akafungua ka sehemu ka mikate palepale Mission, Chuck's Takeaway, alikuwa anauza bánh mì. Kwa hiyo siyo kwamba kila kitu kiwe ghali.

Ninachosema mimi ni kitu kingine. Kuna bei inayotokana na mfuko wa mteja, hiyo naielewa. Na kuna bei inayotokana na dharau. Nikupe la kwangu. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi huku, siitaji jina, siku moja nikapika pilau kwa ajili ya chakula cha wafanyakazi, pilau ya kwetu yenyewe, bizari nzima imekaangwa, nyama ya mfupa, kachumbari. Sufuria likafutwa. Mwenye mgahawa akasema hii tuiweke kwenye menyu, nikafurahi mpaka nikampigia mama Tanga usiku ule. Kesho yake ananiletea bei, ni nusu ya sahani ya tambi za Kiitaliano. Nikamuuliza kwa nini, nyama ni ileile inayotoka friji moja, mchele wa basmati una gharama kuliko unga wa tambi, na pilau inataka mtu asimame nayo. Akanijibu kwa upole kabisa, watu hawalipi zaidi ya hapo kwa chakula cha aina hiyo. Chakula cha aina hiyo. Nikasema basi nisiipike. Na sikuipika mpaka nimeondoka pale.

Phan hilo neno aliambiwa 1995 na akalijibu kwa kufungua mlango.

Swahiba_Columbus
Dada niko Ohio, hapa sisi Wabantu wa Somalia na Wakongo na Waswahili tuna migahawa kadhaa na yote hadithi ni hiyo. Sahani imejaa mpaka inamwagika, ndizi juu, mbuzi, wali, na bei mtu anaona aibu kuandika. Tunashindana sisi kwa sisi nani atashusha zaidi, mwisho wa mwezi hata kodi haitoshi, mama analala jikoni. Hii stori naipeleka kwa shangazi yangu leo.

BintiTanga_Oakland
@Swahiba_Columbus mpelekee, na mwambie asipandishe bei peke yake. Phan alianza na nyama, na sahani, na kiti, bei ikaja nyuma yake. Mteja akiona umeongeza bei na mezani bado kuna nailoni iliyochanika hatakuelewa.

Sasa @kijana_wa_Mtwara la ndugu. Walikaa pamoja muda mrefu kweli, na wapo waliofanya kazi humo miaka na miaka. Ninavyolitazama mimi, na haya ni mawazo yangu, familia ile ilishazoea kushika kitu kimoja tangu kwenye meli, na kulikuwa na kiongozi mmoja anayejulikana, kifungua mimba. Hakukuwa na wawili wanaovutana usukani. Wewe na kaka yako nani alikuwa anashika daftari la mauzo? Usinijibu hapa, ila jiulize.

Na siwaambii kwamba kila alichogusa kilikua, hapana. Baada ya Feri kukubali, alitanua sana. 2008 aliingia kwenye chakula cha jumba la makumbusho ya sayansi la California Academy. 2009 akafungua Heaven's Dog, chakula cha Kichina. 2011 ile fremu ya kwanza kabisa ya Valencia akaifanya Wo Hing General Store, Kichina tena, haikufika mbali. 2013 akafungua mbili, South pale kwenye ukumbi wa jazi, chakula cha majimbo ya kusini, na Hard Water, baa ya wiski ya mahindi pwani. Nyingi ya hizo hazikudumu. Huwa nazitazama zile zilizobaki na zile zilizoondoka, na naona kilichosimama ni kile alichokula utotoni. Waliokuwa jikoni mwa hizo nyingine walikuwa wapishi wazuri tu, mahali hapakuwa pabaya, lakini Slanted Door ilikuwa na mama na shangazi ndani yake na hizo nyingine zilikuwa na wazo zuri. Wengine wataniambia ni kodi, ni mtaji kutawanyika, ni uchovu, na sikatai.

Ila kuna moja ndogo naipenda kuliko zote, Rice & Bones, 2017. Aliifungua ndani ya Wurster Hall, ni jengo la shule ya usanifu pale Berkeley, shule ileile aliyoiacha bila cheti. Wanafunzi walikuwa wanashuka na michoro yao kwapani wanakula wali na kuku wa chungu aliyepikwa kwa sukari ya kuunguza na tangawizi. Niliwahi kupita pale mchana mmoja nikakuta foleni imetoka nje, mtoto mmoja amekaa kwenye ngazi, bakuli magotini, rula ndefu imebanwa kwenye begi, anakula haraka hatazami mtu.

Nanaa_wa_Mombasa
Assalaam aleikum. Mie niko Mombasa, Kuze, twapika biriani za maharusi na mama yangu. Nataka kuuliza, hiyo sosi ya samaki ni nini hasa na haitoi harufu? Na huo mgahawa wa hapo feri ungalipo?

BintiTanga_Oakland
@Nanaa_wa_Mombasa waaleikum salaam dadangu. Sosi ya samaki ni dagaa wadogo wa baharini wanaopangwa na chumvi kwenye mapipa makubwa ya mbao, wanakaa mwaka na zaidi, kinachochuruzika chini ndo hicho, maji ya rangi ya chai ya rangi. Kisiwa cha Phú Quốc ndo wanasifika nayo. Ukifungua chupa harufu ni kali, kama uko karibu na ng'onda anayeanikwa, ila ikiingia kwenye moto na sukari na ndimu harufu inapotea unabaki utamu wa nyama ambao huwezi kusema umetoka wapi. Mimi naweka matone machache kwenye mchuzi wa papa na hakuna anayejua.

Mgahawa wa feri ulifungwa Machi 2020 korona ilipoingia, na Phan amefariki haujafunguliwa tena. Aliacha tawi San Ramon, jingine Napa, na jingine mbali kabisa Beaune, Ufaransa. Hili la Ufaransa nalifikiria sana, ile nchi iliitawala Vietnam, ikawaachia mkate ambao leo ndo bánh mì, halafu mtoto wa Da Lat anakuja kuwafungulia mgahawa katikati ya mashamba yao ya mizabibu na wanakaa mezani.

Nanaa_wa_Mombasa
Shukran sana. Na hiyo nyama ya kutikisa, nifundishe basi, Ijumaa nina wageni wa bwana harusi watu wanane, nataka niwape kitu hawajakila.

BintiTanga_Oakland
Kwa watu wanane chukua kilo mbili na robo hivi za sarara, ile laini ya ndani, kata mraba wa inchi moja. Paka sukari kidogo, chumvi, pilipili manga na mafuta, acha saa mbili. Sosi changanya pembeni, siki, soya, sosi ya samaki kama umeipata, ukikosa ongeza soya na chumvi, sukari, na pale wao wanapotia pombe ya mchele wewe tia maji ya ndimu na maji kidogo. Kata vitunguu vyekundu vyembamba.

Sasa hapa usikilize maana ndo wengi wanaharibu. Karai likauke kabisa liwe moto mpaka litoe moshi, mafuta, halafu nyama ya watu wawili tu kwa mara moja. Ukijaza karai, nyama inatoa maji inachemka na hapo umepika mchuzi. Iweke itulie, usiiguse, hesabu mpaka upande wa chini ushike ganda, ndo utikise. Vitunguu vinaingia, tikisa, sosi inaingia pembeni mwa karai isikie moto, mwisho kipande cha siagi, toa. Dakika nne haifiki. Osha karai, anza upya na ya watu wawili wengine. Itakubidi usimame mara nne, na wageni wa kwanza wataanza kula wa mwisho hawajapata, waambie wasisubiriane.

Majani ya chini kwetu huyapati yale yao, tumia figiri changa mbichi. Ndimu, chumvi na pilipili manga kila mtu na kibakuli chake. Na nyama usinunue ya jana jioni, amka uende mwenyewe buchani.

Nanaa_wa_Mombasa
Nimeandika yote. Figiri ipo, mama ameipanda uani.